Mfumo Uko Chini, Mkubwa Yuko Wapi?

Najua nimewatupa. Mama mdogo amenitumia ujumbe mara mbili akiuliza kama nimeacha kuandika au nimemezwa na baridi ya Birmingham. Baridi ipo, lakini zilizonimeza ni zamu za usiku. Leo niko mapumziko, nguo zinazunguka kwenye mashine, ugali umeshalika, basi tukae tuzungumze.

Kilichonifanya nishike kibodi ni habari njema kutoka nyumbani. Mdogo wangu wa mwisho, yule tuliyekuwa tukimwita Fundi Redio kwa sababu alizifungua redio zote za baba na kuzifunga tena huku skrubu zikibaki mkononi, amepewa ukuu wa kitengo cha TEHAMA kwenye halmashauri moja huko kwetu. Hongera sana, mdogo wangu. Nasikia simu za pongezi hazikatiki, na kila mjomba anamwambia neno lile lile: wewe kichwa, kompyuta unazijua. Mimi ndiye dada mtu, kwa hiyo nitasema ambalo wajomba hawajasema. Kuzijua kompyuta ndiko kulikokufikisha hapo. Kuanzia leo hakutakusaidia sana, maana kazi uliyopewa ni ya watu.

Najua kuna atakayeuliza: we nesi, mambo ya kompyuta yanakuhusu nini? Si ubaki na sindano zako? Jamani, muuguzi wa siku hizi huku Ukerewe anashika kompyuta kabla ya kumshika mgonjwa. Dawa ziko kwenye kompyuta, vipimo viko kwenye kompyuta, hata kumwombea mgonjwa chakula cha mchana ni kwenye kompyuta. Mfumo ukianguka saa nane usiku, wa kwanza kujua si meneja aliyelala kwake. Ni sisi tuliosimama na kitoroli cha dawa katikati ya wodi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki sisi tunakilalia.

Pili, naishi kwenye jiji ambalo limekuwa somo la dunia nzima kuhusu jambo hili. Ngoja niwasimulie, kwa sababu huko nyumbani mnadhani mambo ya aina hii hutokea Bongo tu.

Halmashauri ya Jiji la Birmingham ni mojawapo ya zile kubwa kabisa Uingereza kwa idadi ya watu inaowahudumia, zaidi ya milioni 1.1. Tangu mwaka 1999 ilikuwa ikiendesha hesabu zake kwenye mfumo wa SAP. Ikaamua kuhamia mfumo mpya wa Oracle utakaobeba fedha, manunuzi na mambo ya utumishi. Makadirio ya mwanzo yalikuwa takriban pauni milioni 20. Mfumo ukawashwa Aprili 2022. Kilichofuata ni kwamba halmashauri ikawa haiwezi kuoanisha hesabu zake na za benki. Pesa zinaingia, lakini hawajui kwa uhakika ni za nani na za nini. Watumishi wakawa wanafanya kwa mkono maelfu ya kazi ambazo kompyuta ilinunuliwa izifanye. Ilipofika 2023, gharama ya kuunda na kurekebisha ilikuwa ikikadiriwa kukaribia pauni milioni 100, na baadaye ikapita hapo.

Tarehe 5 Septemba 2023 halmashauri ikatoa tangazo la kifungu cha 114, ambalo kwa lugha yetu ni kukiri kwamba mfuko umetoboka: hakuna matumizi mapya isipokuwa yale ya lazima kisheria. Hapa niwe mkweli ili nisiwapotoshe. Kompyuta haikuwa sababu kubwa kuliko zote. Sababu kubwa ilikuwa madai ya wanawake, wapishi na wafagizi na wahudumu wa wagonjwa, waliolipwa pungufu kuliko wanaume wenye kazi za uzito ule ule. Mwaka huo halmashauri yenyewe ilikadiria deni hilo kuwa kati ya pauni milioni 650 na 760. Lakini mfumo ule ulitoboa mfuko uliokwisha chakaa, na ukawafanya wasione vizuri tundu lina ukubwa gani. Kodi ya nyumba ikapanda asilimia 9.99 mwaka 2024, ikapanda tena asilimia 7.49 mwaka 2025. Hiyo nimeilipa mimi, wadau, kutoka kwenye huu mshahara mnaodhani unaota kwenye mti.

Na si kodi tu. Wodini tunao wazee waliokwishapona, mabegi yamefungwa, lakini hawawezi kwenda nyumbani mpaka apangwe mtu wa kuwasaidia kuoga na kuvaa. Kazi hiyo ya kupanga ni ya halmashauri. Tatizo hilo ni la nchi nzima na lilikuwepo zamani, sitaki kulibebesha kompyuta. Nasema tu kwamba halmashauri iliyofilisika haina nguvu ya kulipunguza, na kila pauni iliyozama kwenye mfumo mbovu ni pauni ambayo haikumpeleka bibi wa watu nyumbani.

Sasa swali. Je, Oracle ni programu mbovu? Inatumika dunia nzima. Je, mafundi walikuwa vilaza? Hapana. Februari 2025 wakaguzi wa nje, Grant Thornton, walitoa taarifa yao, na ukiisoma hukuti hadithi ya kompyuta. Unakuta hadithi ya watu. Halmashauri haikuwa na watu wa kutosha ndani yake wanaoujua mfumo ule, ikawategemea wa nje. Mwanzoni walikubaliana kwamba wao ndio watabadili taratibu zao zifuate mfumo, kisha wakageuka na kuanza kuukatakata mfumo ufuate taratibu zao za zamani, kiraka juu ya kiraka. Matatizo yalijulikana kabla ya siku ya kuwasha, lakini wakawasha. Na habari mbaya hazikuwa na njia nzuri ya kupanda ngazi. Ukubwa wa tatizo ulichelewa kuwafikia madiwani, waliochaguliwa na wananchi kusimamia pesa hizo.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naiona kila wiki kwa wagonjwa. Mtu anakuja na kidonda cha miezi minane, ukimuuliza kwa nini hukuja mapema, anasema sikutaka kuwasumbua watoto. Taasisi nazo ziko hivyo hivyo. Fundi anajua tangu Januari, msimamizi wake anaambiwa Machi, mkubwa anasikia Septemba, na mwananchi anasoma gazetini.

Msidhani Birmingham ndiyo ya kwanza. Huduma ya afya ya taifa hili, hii NHS inayonilisha, ilishawahi kupigwa pigo kubwa zaidi. Mwaka 2002, wakati wa Tony Blair, ulianzishwa mpango wa taifa wa kompyuta za hospitali zote za England. Wazo lilikuwa zuri: ukiugua Leeds, daktari wa London afungue faili lako. Mwaka 2006 ofisi ya ukaguzi ya taifa ilikadiria gharama ya mpango mzima kuwa pauni bilioni 12.4. Bilioni, siyo milioni. Mikataba ilisainiwa haraka na kampuni kubwa, kila moja ikapewa kanda, halafu ndipo hospitali zikaambiwa mtapokea hiki. Madaktari na wauguzi waliletewa kitu kilichokwisha kupikwa. Kampuni zikaanza kujitoa, Accenture mwaka 2006, mkataba wa Fujitsu ukavunjika 2008, na Septemba 2011 serikali ikatangaza kuuvunjavunja mpango wenyewe. Vipande vingine vilibaki na vinafanya kazi mpaka leo, lakini lile faili moja la taifa halikupatikana.

Mnaona mfanano? Kote pesa zilikuwepo, akili zilikuwepo, mashine zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa chini kusikilizwa na mtu wa juu kabla mambo hayajaharibika.

Sasa niwape upande wa pili, tena hapa hapa Birmingham, ili msiseme dada ni mtu wa kulaumu tu. Hospitali ya Queen Elizabeth, kule Edgbaston, ina mfumo wa dawa unaoitwa PICS. Huu haukushuka kutoka London. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye kitengo cha figo, ambako kosa dogo la dozi ni jambo kubwa, na mwaka 2000 waliandika habari zake kwenye jarida la madaktari la BMJ. Daktari akiandika dawa inayogombana na nyingine, mfumo unamwonya, na akiandika dozi ya hatari, unamzuia. Waliutengeneza watu wa hospitali wenyewe, mafundi wa kompyuta wakifanya kazi na madaktari, wauguzi na wafamasia. Ukaenea wodi moja baada ya nyingine.

Halafu wakafanya jambo ambalo naona ndilo funzo lenyewe. Mfumo uliweza kuonyesha kila dozi ambayo mgonjwa alitakiwa kupewa na hakupewa. Wengi wangezipeleka takwimu hizo kwenye ripoti ya mwaka zikalale. Hapo, mkurugenzi mtendaji wa wakati ule, Julie Moore, ambaye mwenyewe alianza kazi kama muuguzi, aliitisha vikao ambavyo yeye na wakuu wenzake walikaa na watu wa wodi kuuliza dozi hii ilikosekana kwa nini. Je, dawa haikuwepo? Je, mgonjwa alikuwa amepelekwa kupigwa picha? Je, muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa wengi? Dozi zilizokosekana zikapungua, hasa za antibayotiki.

Wapo wauguzi ambao wazo tu la kuitwa mbele ya mkurugenzi linawatetemesha, na nawaelewa. Kikao cha namna hiyo kinaweza kuwa shule, kinaweza kuwa mahakama, inategemea roho ya anayekiongoza. Tena isisahaulike kwamba mwaka 2023 shirika hilo hilo la hospitali, likiwa limekwisha kuunganishwa na hospitali nyingine za jiji, lilifanyiwa uchunguzi uliongozwa na Dk. Mike Bewick, na ukatoa maneno makali kuhusu namna wafanyakazi wanavyotendewa. Kwa hiyo mfumo mzuri si hati ya kudumu ya uongozi mzuri. Uongozi ni kama usafi wa mikono. Ukinawa asubuhi, hujamaliza siku.

Baada ya ule mpango wa mabilioni kufa, serikali ilimwita profesa mmoja wa udaktari kutoka California, Robert Wachter, aangalie kosa lilikuwa wapi. Taarifa yake ilitoka 2016. Kwa ufupi alisema hivi: kuleta kompyuta hospitalini si kununua kifaa, ni kubadili namna watu wanavyofanya kazi, na sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu. Akashauri kila hospitali iwe na madaktari, wauguzi na wafamasia waliosomea pia mambo ya taarifa na kompyuta, na wapewe mamlaka ya kweli. Akasema bora kufanya vizuri kuliko kufanya haraka, wakati waziri wa afya alikwisha kutangaza tangu 2013 kwamba makaratasi yaondoke ifikapo 2018. Basi, makaratasi bado tunayo. Njooni mtembelee kabati langu.

Kisha tukio ambalo hata nyumbani mlilisikia. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta duniani kote. Hapa England kiligusa angalau mashirika 80 kati ya 236 ya NHS, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Onyo la kuziba tundu lile lilikwisha kutumwa miezi ya Machi na Aprili. Lakini sehemu iliyonigusa mimi ni nyingine. Wakaguzi walikuta kwamba kwa kuwa hakukuwa na mazoezi ya shambulio la taifa zima, haikuwa wazi mara moja nani aongoze. Barua pepe zimezimwa, na watu wanawasiliana kwa WhatsApp kwenye simu zao binafsi. Mfumo uko chini, na mkubwa hajulikani ni yupi. Wodini mgonjwa akisimama moyo, kila mtu anajua nani anakandamiza kifua, nani anashika dawa, nani anaandika saa, kwa sababu tumefanya mazoezi mpaka tumechoka.

Hapo ndipo ninapotaka kumfikisha mdogo wangu. Sisi wa hospitali tuna vitu vitatu ambavyo watu wa kompyuta wangeviiba bure kabisa.

Cha kwanza ni kupokezana zamu. Huku tunafundishwa mpangilio mmoja wa kusema: hali ilivyo sasa, historia yake kwa kifupi, mimi naonaje, napendekeza nini. Mambo manne. Chimbuko lake ni manowari za nyuklia za jeshi la maji la Marekani, kisha hospitali zikauchukua. Faida yake kubwa si kumbukumbu. Faida yake ni kwamba unampa mtu mdogo ruhusa ya kumwambia mkubwa "napendekeza". Muuguzi aliyeanza kazi juzi, wa daraja la 5, anampigia daktari bingwa usiku wa manane na kumaliza kwa kusema: napendekeza uje sasa hivi. Fikirieni fundi mdogo wa halmashauri akimwambia mkurugenzi: napendekeza tusiwashe Jumatatu. Mnacheka, eeh? Ndiyo shida yenyewe hiyo.

Cha pili kitawafurahisha watu wa Morogoro. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Kabla ya kukata, watu wote wanasimama, kila mmoja anasema jina lake na kazi yake, wanathibitisha mgonjwa ni nani na wanafanya nini, na kila mtu ana nafasi ya kusema wasiwasi wake. Orodha hiyo ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, zikiwemo za London, Seattle na Toronto, na moja ilikuwa hospitali ya St. Francis pale Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu, ya wali wa Kilombero! Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu. Huku Birmingham kila wakinieleza habari ya orodha hiyo kana kwamba ni akili ya Wazungu, mimi hujibu: tulikuwepo.

Kwa hiyo naomba kila halmashauri inayowasha mfumo mpya iwe na karatasi kama hiyo. Kabla ya kuwasha, wote chumbani: fundi, mhasibu, muuguzi, mpokezi wa wagonjwa, mzabuni. Kila mmoja aseme jina na kazi. Kisha waulizwe: data za zamani zimehamishwa na kukaguliwa na nani? Umeme ukikatika tunaandika wapi? Mzabuni akiondoka, nani ndani yetu anaujua? Nani ana wasiwasi? Na mmoja yeyote akisema simama, isimamishwe mpaka ajibiwe.

Cha tatu ni kuwa huwezi kuuguza kwa simu. Lazima uende kitandani. Kiongozi wa kompyuta aende akae zamu nzima na anayeutumia mfumo wake. Asiende kukagua, aende kuangalia. Sisi tuliosomea Muhimbili na kufanyia mazoezi mikoani tunavijua vile vitabu vya MTUHA. Mama ameshajifungua, umeshanawa mikono, halafu unaanza kujaza: kitabu, fomu ya muhtasari, daftari jingine. Taarifa zile sasa zinaingia kwenye mfumo wa DHIS2, na jambo la kujivunia ni kwamba walioulea pale nchini ni wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo. Hiyo ni timu ya nyumbani iliyojengwa kwa miaka mingi. Pia kuna GoTHOMIS ya TAMISEMI kwenye vituo vya afya. Nayapongeza yote. Lakini mdogo wangu, kabla hujaongeza hata kisanduku kimoja kwenye skrini, kaa na yule nesi wa zahanati, peke yake na wagonjwa sitini, uhesabu dakika. Kama mfumo unamwongezea kazi bila kumpunguzia nyingine, ataukwepa. Atajaza jioni kwa kukisia, na wewe utapeleka makao makuu takwimu nzuri zisizo za kweli.

Kama mnadhani haya ni ya hospitali tu, tazameni M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka 2005 huko Kenya ilikuwa ya kulipia mikopo midogo. Watu wakaanza kuitumia wanavyotaka wao, kutumiana pesa na kusafiri bila kubeba noti. Wale walioongoza kazi, Nick Hughes na Susie Lonie, hawakuwakaripia watumiaji kwamba mnakosea. Waliangalia, wakabadili bidhaa, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa nyumbani. Leo mama yangu anapokea pesa akiwa anapepeta mchele. Mashine ilikuwa simu ile ile ya vibonye. Kilicholeta tofauti ni kiongozi mwenye macho.

Najua majibu mtakayonipa. Shemeji atasema: dada, wewe uko Uingereza, huku ukimwambia mkubwa "haijawa tayari" wakati Mwenge wa Uhuru unakuja kuzindua mradi wiki ijayo, utajikuta umehamishiwa wilaya ambayo hata ramani haiijui. Ni kweli, sibishi. Lakini angalieni, Birmingham hakuna Mwenge na bado waliwasha kitu kisichokuwa tayari. Woga wa kumwambia bosi ukweli hauna pasipoti. Na kwa sababu hiyo hiyo mzigo siuweki kwa fundi mdogo. Kumwambia mtu awe jasiri huku umeshika kalamu ya kumhamisha ni kumwonea. Mzigo ni wa mwenye kiti. Akiletewa habari mbaya mapema, aseme asante mbele ya watu wote. Mara tatu tu. Ya nne zitakuja zenyewe.

Hoja ya pili itatoka kwa mafundi wenyewe: sisi tulisomea kompyuta, hatukusomea watu. Ni kweli, na hili si kosa lao. Hata kwetu, nesi hodari wa kutafuta mshipa anapandishwa kuwa msimamizi wa wodi, asubuhi yake anatakiwa apange ratiba za watu thelathini, asuluhishe ugomvi wa likizo, na amfariji aliyefiwa. Nani alimfundisha? Uongozi ni fani, unafundishika kama ukunga. Halmashauri inayotenga pesa za mitambo na isitenge hata senti ya kumfundisha anayewaongoza watu wa mitambo, imenunua gari bila kumpeleka dereva shule. Na ukishawafundisha vijana wako, watunze. Mfumo wowote unaojulikana na mtu mmoja tu ni mgonjwa mahututi, kwa sababu mtu huyo ana haki ya kuugua, kujifungua, na kuhamia Birmingham kubeba boksi.

Msimamo wangu ndio huo. Mnapoambiwa wilaya yenu inaleta mfumo mpya wa mamilioni, msiulize kwanza ni wa kampuni gani. Ulizeni nani ataongoza, nani ameketi naye mezani, na siku mambo yakienda kombo ni nani mdogo kabisa anayeruhusiwa kusema. Kama jibu la swali la mwisho ni "hakuna", shikilieni madaftari yenu.

Haya, mashine ya nguo imelia na kesho nina zamu ndefu. Wale mlio maofisini huko, hospitali, benki, mashuleni, niandikieni: kwenu habari mbaya inapandaje ngazi? Na mama mdogo, kitenge nimekipata, ahsante, kinanitosha vizuri kuliko unavyodhani.

Wasalaam, nawapenda wote.